MZEE KUMBE NI BIBI
Kobe watatu wa bustani ya Nyayo Highrise

Ndugu msomaji, sisi watu wa Mombasa tukishahamia Nairobi, majirani zetu wa bara hutudhania kuwa mabingwa wa mambo mawili: mapishi ya biriani, na kila mnyama mwenye gamba. Mimi nilizaliwa Kibokoni, na sasa naishi ghorofa ya tatu katika majumba ya Nyayo Highrise, kando ya Kibera. Biriani siijui kuipika, na samaki nawajua zaidi wakiwa sahanini. Lakini Jumamosi moja mwaka jana, mara baada ya sala ya alasiri, kijana wa nyumba ya chini alinibishia hodi.

"Shikamoo mjomba. Bibi anakuita. Anasema wewe ni mtu wa pwani, hukosi kumjua kobe."

Nilimjibu kwamba mtu wa pwani anamjua kasa, mwenye mikono ya kuogelea mfano wa makasia. Kobe ana miguu kama ya ndovu, naye ni mwenyeji wa nchi kavu. Kijana akacheka, lakini hakuondoka mlangoni. Nikaona hapana budi. Nikavaa makubadhi, nikashuka ngazi.

Bibi huyu ni Mnubi. Wazee wake walikuwa askari wa King's African Rifles waliopewa makazi hapo mwanzoni mwa karne iliyopita, wakapaita Kibra, neno ambalo kwa lugha yao maana yake ni msitu. Leo msitu umebaki katika jina tu. Bibi anakaa na mwanawe katika nyumba ya chini kabisa, na nyuma ya dirisha la jiko ana kijibustani kilichozungushiwa ua wa kayaba: mchicha, mrehani, mpapai mmoja, na kobe wake aitwaye Mzee.

Mzee huyo aliokotwa na marehemu mumewe zaidi ya miaka 30 iliyopita, alipokuwa akivuka njia. Walikaa naye Makina, na walipohamia katika maghorofa wakahama naye ndani ya karai. Mume alipofariki, kobe alibaki. Bibi husema kwamba kila asubuhi akifungua dirisha, akimwona yule mnyama anatoa shingo, humkumbuka mwenyewe aliyemleta.

Siku ile nilimkuta bibi amekaa juu ya kigoda, mkono shavuni.

"Mwanangu," akaniambia, "Mzee ametaga."

MIPANGO YA MJUKUU

Kumbe jambo lenyewe lilianza miezi kadhaa nyuma. Mjukuu alikuwa amemaliza kidato cha nne na karo ya chuo haikupatikana. Akasikia mitaani kwamba wako watu wenye pesa wanaonunua kobe wadogo kuweka katika nyumba zao. Akapiga hesabu: Mzee tunaye, tukimpatia mke atazaa, na watoto watalipa karo. Akachukua akiba ya bibi, kwa ridhaa yake bibi, akanunua kobe wawili kwa mchuuzi asiyejulikana atokako. Mmoja aliambiwa ni jike aliyekomaa. Wa pili, mdogo na bapa, aliambiwa ni mtoto ambaye bado "hajavimba".

Usiku mmoja mvua ilinyesha. Asubuhi bibi akakuta karibu na mpapai shimo lililofukiwa, na udongo mbichi umemganda Mzee katika miguu ya nyuma. Mjukuu akafukua. Akapata mayai tisa, meupe, ya mviringo, mfano wa mipira ya tenisi ya mezani.

Kijana alifurahi kupita kiasi. Bibi alifadhaika, kwa kuwa miaka yote hiyo alimwita Mzee, akimsemesha kama mtu amsemeshavyo shemeji yake.

Nilimkuta mjukuu ameyapanga mayai ndani ya sufuria yenye pamba, tayari kuyageuza kila siku kama afanyavyo kuku. Hapo nilimzuia, maana jambo moja nililijua tangu utotoni kwa watu wa Lamu wanaolinda viota vya kasa: yai la kasa haligeuzwi, na la kobe vivyo hivyo. Mtoto akishaanza kuumbika ndani hujishikiza upande wa juu, na ukilipindua yai unaweza kumuua. Tukatia alama ya penseli juu ya kila yai, tukayarudisha shimoni kwa namna yalivyokuwa sufuriani, tukayafunika.

Mengine yote sikuyajua. Nikamwomba bibi anipe siku tatu. Nikaenda Makumbusho ya Taifa kuuliza, nikasoma, kisha nikarudi na daftari.

KUMJUA KOBE

Tuliwaweka wote watatu juu ya mkeka, na hapo ndipo mambo yalipobainika.

Tulianza na Mzee. Gamba lake limeinuka kama kuba la msikiti, rangi ya manjano iliyofifia, na madoa meusi kama ya chui. Ukitazama juu ya shingo, kati ya vigae viwili vya mbele, hukuti kile kigae kidogo cha katikati ambacho kobe wengi wanacho. Hiyo ni alama ya kobe wa madoadoa, ambaye hupatikana katika mbuga nyingi za Afrika Mashariki, na hata ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ng'ambo ya Lang'ata. Kisha tukamgeuza taratibu. Dume la kobe huyu huwa na tumbo lililobonyea ndani kidogo, ili asiteleze akimpanda jike, na mkia wake ni mrefu. Huyu tumbo lake lilikuwa bapa na mkia mfupi. Kwa hivyo alikuwa jike tangu siku aliyookotwa.

Bibi akaangua kicheko, kisha akanyamaza.

Tukamchukua "mke" aliyenunuliwa. Mgongo wake ulikuwa mrefu na wa kahawia, na sehemu ya nyuma ya gamba ilikuwa na bawaba. Akiogopa, huishusha kama mtu afungavyo kifuniko cha kasha, miguu ya nyuma isionekane. Huyo ni kobe wa bawaba, naye pia ni mwenyeji wa Kenya, bara na pwani. Wachanga wake hawana bawaba hiyo. Huja na umri, ndiyo maana wengi hudanganyika. Na huyu, mwenye mkia mrefu na mnene, ndiye aliyekuwa dume! Ukingoni mwa gamba lake mtu alikuwa ametoboa tundu na kupitisha waya. Watu hudhani gamba ni kama kwato au ukucha. Sivyo hata kidogo. Gamba ni mfupa ulioungana na mbavu na uti wa mgongo, una damu na una hisia. Kumtoboa kobe gamba ni kumtoboa mfupa akiwa hai.

Yule wa tatu ndiye aliyenitia hofu. Hakuwa mtoto asiyevimba. Alikuwa mtu mzima. Gamba lake ni bapa kama chapati, na ukilishika ni laini, linabonyea. Mbio zake si za kobe. Ukimweka chini hukimbilia ufa wowote ulio karibu. Huyo ni kobe wa majabali, anayeishi katika nyufa za mawe huko Kitui, Mwingi hadi Samburu, na ng'ambo katika Tanzania. Adui akija hujibana ndani ya ufa asing'oleke. Kobe huyu kwa kawaida hutaga yai moja tu kwa mara moja. Kwa sababu ya kuwindwa na kuuzwa ng'ambo, mwaka 2019 alitangazwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka duniani, na mwaka huo huo nchi zilizotia sahihi mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama adimu zilikubaliana kupiga marufuku kuuzwa nje wale wanaokamatwa porini. Fikiri mwenyewe, msomaji: mama anayetaga yai moja, ukimwondoa jabalini, ni nani atakayejaza pengo lake?

Basi hesabu ya mjukuu ilikuwa hivi: majike mawili na dume moja, wa koo tatu mbali mbali. Hawawezi kuoana kabisa. Isitoshe, kuwachanganya katika ua mmoja ni hatari, kwani wako kobe wanaobeba maradhi ya mafua na vidonda vya mdomo bila wenyewe kudhurika, wakawaua wa ukoo mwingine waliowekwa nao.

"Na haya mayai, mjomba?" kijana akauliza. "Si yapo?"

NYUMBA ISIYO NA MLANGO

Tangu udogoni tulitegeana kitendawili: nyumba yangu haina mlango. Jibu ni yai. Siku ile nilitamani lingekuwa na mlango, nichungulie.

Jike la kobe anaweza kuhifadhi mbegu za dume tumboni mwake miaka kadhaa baada ya kukutana naye, na akataga mayai yenye uhai. Lakini Mzee alikuwa peke yake zaidi ya miaka 30. Nikawaambia kwamba yamkini mayai yale ni matupu, kama ya kuku asiye na jogoo. Jike hutaga hata akiwa pweke. Mwili wake haumngoji mtu.

Bibi akasema polepole, "Basi huenda amekuwa akitaga peke yake miaka yote hii, akifukia, wala sisi hatuna habari."

Hakuna aliyemjibu.

Mjukuu hakukata tamaa. Alitaka kujua: tuseme tungempata dume la madoadoa, je? Nami naona niyaandike hapa niliyomweleza, kwa kuwa najua wako wasomaji, Mombasa, Malindi hata Tanga, wenye kobe uani na fikira kama yake.

Kwanza, kobe wa madoadoa hufukia mayai ardhini, na huchukua miezi minane, kumi na miwili, hata zaidi kuanguliwa, kwa kutegemea joto na mvua. Mara nyingi watoto hungoja mvua ilainishe udongo ndipo watoke. Tena joto la udongo ndilo linaloamua: yai lililolala penye joto zaidi hutoa jike, na penye ubaridi zaidi hutoa dume. Kwa hivyo mtu anayeatamisha mayai yote katika kisanduku kimoja chenye joto moja asishangae kupata majike matupu.

Pili ni chakula. Bibi alikuwa akimpa Mzee chapati iliyobaki, wali na mkate wa chai, kwa mapenzi. Tumbo la kobe huyu liliumbiwa nyasi, magugu na majani ya mpungate. Porini huguguna hata mifupa mikavu ili apate chokaa ya gamba. Mtoto anayelishwa vyakula laini na kuwekwa mahali pakavu mno, bila jua, gamba lake hukua na vilima vilima na mifupa hulegea. Maji apewe katika sinia la kina kifupi. Na watoto wa nyumbani wanawe mikono kila wamshikapo, maana kobe hubeba vijidudu vya kuharisha.

Tatu, nalo ndilo kubwa, ni umri. Kobe wa madoadoa huweza kuishi miaka 50 na zaidi. Wala usidanganywe na anayehesabu mistari ya gamba kama mtu ahesabuye miaka ya mti; mistari hiyo hufuata misimu ya shibe na njaa, si kalenda. Mayai tisa yakianguliwa, umezalisha majukumu tisa ya nusu karne. Anayenunua mmoja leo kumfurahisha mwanawe, je, atakuwa na ua kesho? Kobe huyo atarithiwa na nani? Wakenya hatujasahau habari za kware za mwaka 2013 na 2014. Kila mtu alikimbilia kibali na vizimba, mayai ya kware yakasifiwa kuwa dawa ya kila kitu, kisha bei ikaanguka na ndege wakabaki mikononi mwa watu. Kware huishi miaka michache. Kobe atakungoja mpaka uzeeni.

KARATASI

Likabaki jambo la sheria. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kumweka mnyama wa porini, seuze kumzalisha na kumuuza, bila kibali. Wala mtu asijifariji kwamba mnyama wake ni mdogo. Mwezi Mei 2025, mahakama moja jijini Nairobi iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja, au kifungo cha mwaka mmoja, kwa kutaka kuwatorosha nje ya nchi sisimizi. Naam, sisimizi!

Bibi anaijua thamani ya karatasi kuliko wengi wetu. Jamii yake iliishi Kibra zaidi ya miaka 100 kabla ya kupewa, mwaka 2017, hatimiliki ya ekari 288. Nilipomtajia kibali hakubisha. Alichouliza ni kimoja tu.

"Nikiwaita, watamchukua?"

Nikamwambia kweli: huenda.

Mjukuu aliona afadhali tumwachilie Mzee usiku karibu na mbuga, na wale wawili wauzwe upesi kabla jambo halijajulikana. Nikamweleza kwamba kobe aliyekaa na wenzake wa kununuliwa hutupwi porini bila kupimwa, asije akawapelekea maradhi wote waliomo. Na yule wa majabali ukimwachia katika nyasi za Nairobi umemuua tu, maana hakuna nyufa alizozizoea.

Bibi ndiye aliyekata shauri. Sote tulisoma chuoni habari za yule mwanamke aliyemfungia paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie riziki. Bibi akasema yeye alimlisha Mzee, Mungu ni shahidi, lakini wenzake alimnyima. "Mume wangu alimwokota asikanyagwe na magari," akasema. "Hakusema nimfunge mpaka siku yangu ya kufa. Ilikuwa amana."

Jumatatu tukapiga simu kwa shirika la wanyamapori, KWS, tukaeleza yote bila kuficha. Maafisa walikuja, wakaandika, wakawachukua wote watatu, kila mmoja katika kisanduku chake. Hapakuwa na pingu wala kelele. Mayai wakasema yaachwe yalipo, kwani kuyahamisha kungeyatikisa bure. Mjukuu alitazama akiba ya bibi ikiondoka mlangoni. Yule mchuuzi hakuonekana tena.

WANAOZALISHA KWA HAKI

Nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kwamba kuwazalisha kobe ni kosa. Waliofika Unguja wanawajua kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu. Walitoka Shelisheli mwaka 1919 kama zawadi, wakaongezeka, kisha wezi wakawaingilia hata kufikia mwaka 1996 wakasalia saba tu. Kilichowaokoa ni ukoo mmoja kuwekwa pamoja, ua uliolindwa, na watoto kutengwa mpaka wakomae. Na hapo Bamburi, katika Haller Park, dunia nzima ilimjua kobe wa ukoo huo huo aitwaye Mzee, aliyekadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 100, pale kiboko yatima aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004 alipomfanya mlezi wake. Wote hao wana mahali, wana walinzi, na wana watu wanaojua ni wa ukoo gani.

Kwa hivyo, ndugu yangu mwenye kobe uani, usianze na kumtafutia mke. Anza na kumjua. Tazama gamba, tazama shingo, tazama tumbo na mkia. Kisha uliza kibali. Kisha jiulize watoto watakwenda wapi. Ukikosa jibu la hili la mwisho, jibu la hayo mengine halikusaidii kitu.

Mwaka umepita. Bibi hakuruhusu mtu alime karibu na mpapai. Mvua za vuli zilikuja, zikaenda, za masika zikafuata. Hakuna kilichotoka. Mwezi uliopita mjukuu alifukua, akakuta mayai tisa yakiwa na alama zake za penseli, yote yameharibika. Akayafukia tena bila kusema neno. Siku hizi anasaidia katika duka la vifaa vya ujenzi, anaweka akiba yake mwenyewe, na mchuuzi yeyote akipita na kobe ndani ya gunia hamwachi mpaka amemsomea sheria yote.

Tulikwenda kumtazama Mzee, bibi, mjukuu na mimi. Tulimkuta katika ua mpana wenye nyasi, pamoja na wenzake wa madoadoa. Bibi alimtambua mara moja kwa doa lililo juu ya goti la mbele. Akamwita. Mzee akatoa shingo kama zamani. Wakati ule ule dume mmoja mdogo kuliko yeye alikuja nyuma yake akamgonga gamba kwa gamba, maana ndivyo waposavyo, akamgonga tena na tena, na Mzee akaondoka kwa hatua zake za kifalme, yule dume akimfuata.

Bibi alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakimtikisika kwa kucheka.

"Shemeji yangu," akasema, "anaposwa."

Husemwa usimwone kobe kainama, anatunga sheria. Yule wa Nyayo Highrise aliinama miaka 30 bustanini, na sheria yake tumeisoma mwaka jana tu.